Mahindi Yaliyongoja Wageni

Gilgil ilikuwa imeshabaki nyuma, kambi ya jeshi na wauza viazi na kila kitu, ndipo Ndegwa akakumbuka kwamba hatukubeba turubai. Hakurudi. Ndegwa hajawahi kurudia kitu alichosahau. Anasema trekta inakula dizeli zaidi ikirudi kuliko ikienda, na ukimwuliza ni kwa nini, anakwambia, "Mzee, wewe hukusomea injini." Yeye pia hakusomea. Trekta aliachiwa na mjomba wake, mashine ya kupukuchua mahindi akainunua ikiwa tayari ni kuukuu, na kwa miaka kumi na tano wawili hao wamemfanya ajione mhandisi.

Mimi nilikaa juu ya madigadi ya gurudumu na mkoba wangu miguuni. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashine. Nimefanya kazi nyingi katika bonde hili, mkonge, maua, ng'ombe wa watu, na sijakaa mahali popote zaidi ya misimu miwili. Watu wakinijua sana huanza kunishauri.

Tulipofika Bahati, Ndegwa akasimamisha trekta akanunua paketi nne za maziwa. Hiyo ni dawa yake. Kila tukipiga mahindi mchana, jioni Ndegwa anapata homa, anatetemeka, kifua kinambana, na asubuhi anaamka mzima. Anaiita malaria ya mashine.

"Maziwa inaosha kifua," akaniambia, akirarua paketi kwa meno.

"Maziwa inaenda tumboni, Ndegwa."

"Wewe ushawahi kujiona ndani?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza tuende."

Ilikuwa Ijumaa, wiki ya pili ya Desemba. Watu wenye akili walikuwa wamemaliza kupiga mahindi yao kitambo, yako ghalani. Amebaki mtu mmoja tu Kabazi nzima, na ndiye tuliyekuwa tunamwendea. Anaitwa Ndung'u. Ana ekari nyingi, ng'ombe wa gredi, na koti la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka, kwa sababu ni mzee wa kanisa na mtu anaweza kupita wakati wowote akamwona.

Mahindi yake yalikuwa yamekatwa mwezi wa kumi, yakafungwa mabunda, yakasimamishwa shambani yakauke kama kila mtu anavyofanya huku. Halafu mvua ikaja. Watu wengine walikimbizana nayo, wakatoa mahindi yao, wakayaanika hata ndani ya nyumba wanamolala. Ndung'u alikaa. Mabunda yalinyeshewa wiki sita, na hapo tulipofika jua lilikuwa limewaka siku nne tu, yakawa yamekauka juu kama ngozi ya kidonda.

Nilipenyeza mkono ndani ya bunda la kwanza. Kulikuwa na joto, kama tumbo la ng'ombe aliyekufa jana. Nikachomoa hindi moja. Maganda yalikuwa meusi, na chini ya maganda kulikuwa na kuvu ya kijani na kijivu, nene kama manyoya ya kifaranga. Nilipoligonga kwa kiganja likatoa vumbi kama unga, na vumbi lile halikuanguka. Lilikaa hewani likinitazama. Harufu yake ni ya nyumba iliyofungwa tangu mwenyewe azikwe.

"Ulingoja nini?" nikamwuliza Ndung'u.

"Nilingoja kesho," akasema. "Kesho wageni wangu wanakuja. Msichana wangu mkubwa anaolewa. Nataka wakishuka kwa gari wasikie mashine. Mtu akiona magunia yamepangwa tu atasema umenunua mahali. Lakini akisikia mashine, atasema nini?"

"Atasema mahindi yameoza."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Ndegwa, huyu mzee ulimtoa wapi?"

"Alikuja mwenyewe," Ndegwa akasema. "Hata ataenda mwenyewe."

Nilicheka pamoja nao. Si vibaya kucheka na mtu unayemdharau, inapumzisha uso.

Hatua kama kumi na tano kutoka mabunda ya mwisho kulikuwa na kibanda kipya, mabati juu na upande mmoja tu wa mbao, kama vile vya kuuzia mboga. Ndani alikaa msichana wa miaka kama thelathini, amejifunga kitenge mabegani, ana rundo la madaftari ya shule anayasahihisha. Huyo ndiye Wariara, bibi harusi. Ni mwalimu huko Nakuru, alikuwa amekuja nyumbani likizo tangu Novemba mwishoni. Alinisalimia vizuri, lakini alisalimia kwa vipande.

"Habari ya safari, mzee." Akavuta pumzi. "Mmekuja na vumbi." Akavuta tena. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi mdogo, kama birika inayokaribia kuchemka.

"Mbona unakaa hapa nje?" nikamwuliza.

Akanieleza. Ana asma tangu utotoni, na kwa miaka mingi ilikuwa imetulia. Aliporudi nyumbani safari hii ikaamka. Siku moja likapita gari lenye kipaza sauti, mtu anauza dawa za miti shamba, akaitwa ndani. Akaangalia ukuta wa chumba cha Wariara, akaona weusi penye bomba linavuja, akatangaza kwamba nyumba ina kuvu na kuvu ndiyo inamla msichana. Hakudanganya kabisa. Mwongo mzuri huwa anaanza na kitu cha kweli. Ndung'u akapaka nyumba rangi, akachoma zulia, akatupa godoro, na bibi harusi akajengewa kibanda nje, akaambiwa akae humo mchana kutwa. Hewa ya nje ni ya Mungu, haina kitu.

"Na tangu utoke nje unajisikia aje?"

"Nimezidi kuwa mbaya."

"Umemwambia?"

"Anasema ni kifua. Kinatoa uchafu."

Nikageuka nikaangalia mabunda. Upepo kidogo ulipita, na juu ya yale mabua nikaona kitu kama moshi mwembamba kikinyanyuka, kikaja upande wetu, kikaingia kibandani bila kubisha. Kwa wiki nzima, karibu wiki mbili, msichana alikuwa amewekwa hapo kama nguo ya kuanikwa, mbele ya shamba lililooza, na babake kila asubuhi anakuja kumwuliza kama hewa ni nzuri.

Miaka ya nyuma nilichimba yale mawe meupe ya Kariandusi, yale laini kama chaki. Huko kuna mzee mmoja alinifundisha kitu kimoja na ndiyo elimu yangu yote: vumbi la kuogopa si lile unalolitema, ni lile usilolisikia likiingia. Alinifundisha kufunga kitambaa chenye maji mdomoni na kujua upepo unatoka wapi kabla sijainua sururu. Nikamwambia Wariara hivyo. Akatoa chupa yake ya dawa ya kuvuta, ile ya bluu, akaitikisa karibu na sikio.

"Hata mimi nafikiria ni mahindi," akasema. "Dawa imebaki kidogo. Nilikuwa niende Subukia kununua ingine."

Hapo Ndung'u akatokea nyuma yangu. Wazee wa kanisa wana namna ya kutembea wasisikike.

"Kesho hiyo kitu isionekane," akasema, akanyoosha mkono. "Leta nikuwekee."

"Baba, naihitaji."

"Ukiihitaji utaniambia. Watu watoke Keringet mpaka hapa, wakukute unanyonya chupa? Watasema tunawapatia mtu mbovu. Na hiyo dawa inazoesha kifua uvivu, nimekwambia mara ngapi."

"Kipkirui anayenioa anajua nina asma. Alijua kitambo."

"Kipkirui si mzee wa kwao. Wazee ndio wanakuja." Akaichukua chupa kutoka mkononi mwake, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaupapasa kidogo kama mtu aliyeweka kitambulisho.

Wachuka, mamake Wariara, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko akiona yote. Alikuwa na mwiko mkononi. Akarudi kusonga.

Nilimfuata Ndung'u mpaka zizini. Nikamwambia kwa adabu zote nilizo nazo, nazo si nyingi, kwamba haya mahindi yakiingia mashineni yatatoa wingu, na wingu hilo ndilo linalomwua msichana wake. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nimesoma madarasa manne, kila moja shule yake.

"Mimi nimekaa kwa halmashauri ya sekondari miaka tisa," akasema.

"Basi utaelewa upepo. Huku asubuhi unashuka kutoka msituni, unapeleka vumbi barabarani. Jua likipanda unageuka, unarudisha kila kitu kwa boma. Tupige asubuhi, saa sita tufunge. Wageni wakikuja mapema watasikia mashine yako. Na hii safu ya mwisho, karibu na nyumba, ndiyo mbaya zaidi, tuiache kabisa."

Akafikiria. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, nami nikaingiwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu kama huyo anakubali upesi kitu ambacho hana nia ya kukifanya.

Jumamosi tulianza saa tatu, upande wa juu, mbali. Nilifunga kitambaa changu chenye maji. Ndegwa hakufunga kitu, alikunywa paketi mbili za maziwa. Abby, mdogo wake Wariara, msichana wa chuo, akapita na sufuria kichwani akanicheka.

"Niaje mzee, na hiyo mask? Leo ni benki gani unaiba?"

"Ya babako."

"Hiyo ukipata kitu uniitie."

Upepo ulikuwa mzuri. Vumbi lilitoka kinywani mwa mashine likaenda barabarani likapotea. Saa nne, wakati wageni walipotarajiwa, hawakuja. Saa tano hawakuja. Saa sita nilisikia shingo yangu ikipoa upande wa pili, nikajua upepo unageuka. Nikamwashiria Ndegwa, akazima.

Ndung'u alitoka mbio kwenye hema lililofungwa uani kwa ajili ya wageni, koti linapepea. "Mbona mmezima?"

"Ni saa sita. Tulipatana," nikasema.

"Wageni wako Nakuru bado, gari moja ilipata pancha. Washa."

"Upepo umegeuka."

"Mzee, nilikuajiri upime upepo?" Akamgeukia Ndegwa. "Na msogee hapa chini, hii safu ya karibu. Kule juu nani atawaona?"

Ndegwa akaniangalia, akaangalia shamba, akainua mabega. Akavuta mashine mpaka chini, safu ileile tuliyosema tuiache, akaiwasha. Hapa ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Hakuna aliyenishikia panga. Kazi yangu ilikuwa kulisha mashine, nikailisha, nikijiambia kwamba nitalisha polepole. Watu wengi wabaya niliowajua walikuwa wanafanya mambo polepole.

Ile haikuwa vumbi. Vumbi la barabara linapanda, linachoka, linaanguka. Hii ilitoka ikiwa ya kijivu, na ndani ya ukijivu kuna kijani, ikaelea usawa wa kifua cha mtu bila haraka, ikaingia hema, ikaketi juu ya viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Mbwa wa Ndung'u alipiga chafya akaenda zake. Mbwa pekee ndiye aliyeelewa.

Wageni wakafika karibu saa nane, magari mawili. Mbele alikuwa Kimaiyo, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye kofia ya kauboi, na Cheptanui, shangazi, mama mnene aliyestaafu unesi. Kipkirui mwenyewe, kijana mtulivu wa suti ya buluu, alikuwa nyuma yao akibeba kreti ya soda kama mfanyakazi.

Kimaiyo alisimama akapepea uso kwa kofia. "Ndugu, hii ni moshi ama ni nini?"

"Ni mavuno," akasema Ndung'u, na kifua chake kikafura.

Cheptanui alishika mtandio akajifunika pua. Alikuwa mgeni, akaenda kuketi.

Wakasalimiana, wakaomba, wakaomba tena. Nilisikia maombi kupitia kelele ya mashine kwa sababu Ndung'u hakutaka izimwe hata Mungu akiongea. Halafu ikafika ile sehemu inayopendwa na kila mtu. Katika ruracio za siku hizi, sherehe za kuleta mahari, wasichana wanafunikwa leso kutoka utosini mpaka vidoleni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa amchague wake. Msichana aliyefunikwa haruhusiwi kuongea wala kutikisika. Mwanamume akikosea, atachekwa mpaka azeeke.

Wakatoka watano. Wachuka aliwaongoza kama vipofu, akawapanga kwenye nyasi mbele ya hema, mashine ikiwa upande upepo unakotoka. Walikuwa wamefunikwa leso mbilimbili. Sikujua Wariara ni yupi. Lakini wa nne alikohoa.

Hema lote likacheka. Mama mmoja wa upande wa Ndung'u akapiga vigelegele. "Huyo anajitangaza," akasema. "Ameshindwa kungoja."

Akakohoa tena, kikohozi kirefu, na leso ikacheza.

"Haki huyo anaibia mtu wake mtihani," akasema mwingine. "Mama, nyamazisha mtoto wako, mchezo umeharibika."

Nilimwona Wachuka akisogea nyuma ya mstari, akainama kama anayerekebisha leso, akamfinya yule wa nne mgongoni. Watu wakazidi kucheka. Ndung'u mwenyewe alicheka, mkono wake ukiwa umeshika kola ya koti.

Kikohozi kikanyamaza.

Wote walifurahi kwamba kimenyamaza. Mimi nikashusha bunda nililokuwa nimebeba. Mtu wa asma anayekohoa bado ana hewa ya kukohoa nayo. Nikaangalia ile leso mahali pa mdomo. Ilikuwa inanyonywa ndani, inatolewa, inanyonywa ndani, haraka haraka, halafu si haraka sana.

Kipkirui hakucheza ule mchezo. Wanaume wengine huzungukazunguka, wananusa, wanajifanya wamepotea ili watu wafurahi. Yeye aliweka kreti chini, akatembea moja kwa moja mpaka kwa wa nne, akavua leso zote mbili kwa mkono mmoja. Midomo ya Wariara ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama, na hawezi kusema neno. Mabega yanapanda, shingo inaingia ndani, na hakuna sauti, hata ule mluzi haupo.

"Dawa yake iko wapi?" akauliza Kipkirui. Hakupaza sauti. Kwa sababu ya mashine ilibidi arudie. "Dawa yake iko wapi?"

Watu wakamwangalia Wachuka. Wachuka akamwangalia bwanake. Bwanake akaangalia viatu vyake vipya.

"Ni uchovu tu," akasema Ndung'u. "Hajala tangu asubuhi. Mpatieni chai."

Nikamfikia Ndegwa nikanyonga injini mwenyewe. Kukanyamaza ghafla, na katika ule unyamavu kila mtu alisikia kile ambacho hakikuwa kinasikika, msichana mzima akijaribu kupumua na hapumui. Nikavuka ua nikiwa na uchafu wangu wote. Nikasimama mbele ya Ndung'u, nikatia mkono ndani ya koti lake.

Akanishika kifundo cha mkono. "Wewe. Unaniibia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nakuibia."

Alikuwa na nguvu, lakini alikuwa na aibu zaidi, na mtu mwenye aibu hawezi kukaza mkono. Nikatoa chupa ya bluu mbele ya wazee wa Keringet na wazee wa kanisa na akina mama wote, nikamrushia Kipkirui. Pamoja nayo zilitoka peremende mbili, zikaanguka kwenye nyasi.

Wariara akavuta mara moja. Akavuta ya pili. Ya tatu ikatoa upepo mtupu. Ilikuwa imeisha, na Ijumaa alisema imebaki kidogo.

Hapo Cheptanui akaacha kuwa mgeni. "Mbebeni, gari letu. Mketisheni, msimlaze. Madirisha yafungwe mpaka tutoke kwa hili shamba." Akaninyooshea kidole. "Na wewe mzee, panda. Wewe ndiye unajua amevuta nini. Lakini vua hiyo shati kwanza, umebeba shamba lote mgongoni."

Nikavua shati, nikapanda na fulana ya ndani. Gari likiwa linageuka, Ndung'u alikuja dirishani. Nilifikiri anataka kumwona msichana wake. Akagonga kioo upande wa Kimaiyo.

"Sasa na chakula?" akasema. "Chakula kimeiva."

Cheptanui alimjibu kupitia kioo kilichofungwa. "Kula wewe."

Hospitalini Nakuru daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, viatu vya raba. Walipomwekea hewa na ile dawa inayotoa mvuke, akaja kutuuliza.

"Alikuwa wapi ilipoanza?"

"Nje," akasema Kipkirui.

"Nje wapi?"

Nikamweleza. Mabunda, wiki sita za mvua, kibanda, mashine, upepo. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema kuvu inazaa mbegu ndogo kuliko unga, mashine ikizitikisa zinatoka mamilioni, na kwa mtu mwenye aleji ni kama kumwagia petroli kwa moto. Akasema huyu ni wa tatu tangu Jumatatu. Wa kwanza alikuwa amelala karibu na rundo la maganda, wa pili alikuwa anaendesha mashine.

"Mtu akisikia kuvu anaenda kusugua ukuta," akasema. "Halafu anatoka nje kupumzika."

Nikamwambia kuhusu Ndegwa, homa ya jioni, miaka kumi na tano, maziwa. Hapo akainua uso kutoka kwa karatasi yake.

"Mlete kesho. Na asiguse hayo mahindi tena."

Nilimpigia Ndegwa simu. Alikuwa tayari amelala kwa Ndung'u akitetemeka. Akaniambia anamaliza ile safu kesho kutwa, na kwamba daktari huyo bila shaka hakusomea injini.

Sikurudi Kabazi. Mkoba wangu uliletwa na Abby, na ndani alikuwa amenitilia shati la babake.

Wariara alilazwa siku sita, mbili akiwa kwenye hewa ya mtungi. Aliolewa na Kipkirui mwezi wa nne, kwa msajili, bila hema na bila leso. Wanakaa Nakuru. Ana chupa mbili, ya bluu na ile ya kinga ya kila siku, na msimu wa kupiga mahindi haendi shamba la mtu yeyote.

Kimaiyo hakurudi tena kwa Ndung'u. Yaliyobaki yalizungumzwa kwa simu.

Cheptanui alikohoa wiki mbili, akapona.

Wachuka alinunua chupa ya bluu na anatembea nayo ndani ya kibeti, ingawa hana asma na msichana wake haji. Bwanake hajui iko.

Abby alirudi chuoni. Anasomea hoteli.

Ndegwa alimaliza safu ile peke yake. Juni alipelekwa kupigwa picha ya kifua, wakamwonyesha mapafu yenye makovu, wakamwambia hayatarudi. Mashine na trekta vikauzwa kwa mtu anayeitwa Kang'ethe. Ndegwa anauza spea kuukuu Gilgil, barabarani, na kutoka dukani mpaka choo cha petroli stesheni anapumzika mara mbili. Maziwa bado anakunywa.

Magunia ya Ndung'u yalikataliwa na wanunuzi wote. Akasaga akalisha kuku, kuku wakafa. Kanisani alisema msichana wake alipigwa na baridi siku ya ruracio, na watu wakamwombea. Mwaka uliofuata alikata na kupiga mahindi yake Oktoba hiyohiyo.

Mimi niko Mogotio, kwa mkonge. Asubuhi nakohoa kidogo. Shati la Ndung'u ni kubwa kwangu lakini linavalika.

Rundo la maganda la msimu ule bado liko pale Kabazi, kati ya kibanda na nyumba. Hakuna aliyeliondoa.